Gari Imekaa Chini na Bibi Yako Yumo Ndani

Mwanangu Mwanahawa,

Salamu kwanza, maana bibi yako yupo kiti cha nyuma ananichungulia begani, na amesema barua isiyoanza na salamu ni notisi ya kuhamishwa nyumba. Basi salamu. Mimi mzima. Bibi mzima, anatafuna karanga. Kuku mzima. Gari ndiyo siyo nzima.

Najua saa hii mmekaa barazani kwa mjomba wako hapo Bigwa, sanduku lako limeshafungwa kamba, wali umeiva, na kila chombo kikinguruma barabarani mama yako anasema, "Hao, wamefika." Hatujafika, mwanangu. Tupo mlimani, kwenye kona ya mteremko ukishavuka daraja la magogo. Mkono wa kushoto ukuta wa udongo, mkono wa kulia korongo, na katikati gari ya watu imelaza tumbo chini kama mbuzi aliyekataa kuvuka mto. Mbele haiendi, nyuma hairudi. Ukungu umeanza kupanda kutoka bondeni na unakuja huku huku kwetu. Simu yangu imezima kwa sababu niliifanya tochi chini ya gari. Simu ya bibi yako ipo kabatini kwake, imefungwa kwenye kanga. Anasema anaitunza isichakae.

Karatasi nimeipata kwenye mfuko wa mlango. Kalamu ni ya Chande, kijana wa bodaboda, amepita hapa akipanda na mzigo, ameahidi atarudi kushuka mjini kabla giza halijashika. Akirudi barua hii inakuja kwako. Kwa hiyo naandika haraka, na mwandiko unaujua. Aliyeishia kidato cha pili usimdai herufi zilizonyooka.

Habari za kufua na kula na kurudi bwenini mapema mama yako ameshakwambia, na alichosahau shangazi zako watakikumbushia wote kwa pamoja mpaka utamani treni iondoke. Hayo mimi napita. Mimi nitakwambia ya gari. Usinune. Wewe unakwenda Dodoma kusomea uuguzi, kujifunza kuziba watu, mimi nimeziba magari tangu hujazaliwa, kazi ni ile ile, tofauti yako utavaa nyeupe.

Kosa hili lilianza siku ile mjomba wako Shabani alipokaa kwenye kiti chake cha mikono akagawa majukumu ya safari yako kama mtu anayegawa nyama ya harusi. Huyu godoro, yule ndoo na beseni, yule kukusindikiza stesheni. Ulikuwepo. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mjomba ndiye mwenye neno, na baba ni mgeni wa heshima, anapewa kiti na soda. Sina ugomvi na hilo. Hata mimi ninao wapwa wananiogopa, nikikohoa wanasimama. Lakini alipofika kwangu alinitazama kuanzia viatu, viatu vyenyewe vya gereji, akasema:

"Na wewe shemeji, utafanya nini?"

"Nitamleta mama yangu kutoka mlimani amuage somo wake."

"Utamleta kwa nini? Mgongoni?"

"Kwa gari."

"Ya nani?"

"Ya kazi."

"Ya kazi ya nani?"

"Wewe shemeji ngoja uione. Itaingia hapa uani, nitabonyeza kitufe kimoja, itapiga magoti yenyewe kama ngamia, bibi ashuke bila kuinua kanga."

Wakacheka wote. Hao sikuwajali. Lakini ulicheka na wewe, ukacheka mpaka ukapaliwa na maji, na hakikuwa kicheko cha kunidharau, kilikuwa kicheko cha mtu anayetaka kuiona hiyo ngamia. Pale ndipo niliponaswa. Mtu akikudharau unaweza kukaa kimya ukalala usingizi wako. Akikuamini huku anacheka, huna pa kutokea.

Sasa nikwambie gari yenyewe. Ni ya mzee mmoja mstaafu, mteja wangu, mtu mpole. Ni ile gari kubwa nyeupe uliyoiona gereji ukasema inafanana na jokofu. Hii haikalii springi peke yake kama gari za binadamu, inakalia mafuta. Kuna pampu inasukuma oili kwenye paipu nyembamba kwenda kila gurudumu, na kila gurudumu lina tufe lake la chuma, dogo kama boga changa, ndani lina gesi. Hilo ndilo linalomeza mashimo. Ukipakia mzigo, gari inahisi uzito, inasukuma oili zaidi, inajiinua yenyewe ikae sawa. Ni gari yenye heshima kuliko watu wengi ninaowajua.

Mafundi wenzangu mjini wakiiona wanakuwa na neno moja tu: ng'oa, weka springi ngumu, maliza. Wanaiogopa. Mzee mwenyewe aliniambia, "Fundi, kama huiwezi sema, niweke springi nilale." Nisiweze mimi? Mimi ambaye nikisikiliza injini ya Fuso inapita barabarani nakwambia dereva wake amegombana na mkewe?

Ilikuwa inatoka jasho paipu ya nyuma kushoto, pale kwenye nati. Sikiliza vizuri, nimesema jasho. Kuvuja ni kuvuja, unakuta dimbwi chini. Jasho ni ile unapangusa asubuhi pakavu kabisa, jioni unakuta vumbi limenata. Dawa yake ni kufungua, kusafisha, kubadili kile kipira cha ndani, kufunga kwa mkono wa adabu. Nilifanya hivyo. Ikatoka jasho. Nikakaza. Ikatoka jasho. Nikachukua bomba la chuma, nikalivisha kwenye spana ili mkono uwe mrefu, nikakaza kwa mwili wote mpaka nati ikalia. Ikakauka. Nikazunguka nayo Bigwa nzima, nikaenda mpaka Kingolwira nikarudi, nikalala chini nikatazama: pakavu kama uso wa mjomba wako. Nikajipigia makofi mwenyewe, hakukuwa na mtu mwingine wa kunipigia.

Kumbe nilipokaza nilipasua shingo ya paipu. Ufa mwembamba kama unywele. Na ufa ule ukafumba mdomo, kwa sababu gari ilikuwa tupu na oili haikuwa na hasira.

Ndugu yangu wa gereji alinifundisha zamani kuwa kinachovuja kikaze. Hakunifundisha sehemu ya pili, kwamba si kila kinachovuja kinaomba kukazwa. Nimekaza vingi mimi. Wewe mwenyewe nimekukaza. Ulipokuwa kidato cha tatu ukaanza kuchelewa kurudi nyumbani, mama yako akaniita kwa simu, nikaja mpaka getini shuleni kwenu na ovaroli yangu, nikakuita mbele ya wenzako kwa sauti ya jenereta. Sitarudia niliyosema, unayakumbuka kuliko mimi. Ukakauka kweli. Ukawa unarudi mapema, unasalimia, unakula, unalala. Nikatamba gereji: mnaona? Mtoto anataka mkono. Mwaka mzima hukuniambia neno moja lenye maji ndani. Shikamoo baba, ndiyo baba, asante baba. Kumbe ulikuwa unachelewa kwa sababu unapita kwa rafiki yako anayeuguza mama yake, unamsaidia kumgeuza mgonjwa kitandani na kumwosha. Nilikuja kuambiwa na mama yako msiba wa yule mgonjwa ulipotokea. Kwa hiyo safari yako ya kesho ilianzia kwenye chumba kile, na mimi nilikuwa mlangoni na spana. Umenisamehe, najua, maana ulicheka ile siku ya ngamia. Lakini huko unakoenda utakutana na wakubwa wenye spana ndefu. Wengine watakuwa wanakupenda. Hao ndio wanaokaza zaidi.

Turudi barabarani. Leo mchana nimepanda na gari tupu, nimeipandisha mlima kama naendesha sofa. Watoto wanakimbia nyuma, wazee wanasimama wanadhani ni mgombea. Nimefika kwa bibi yako nikapiga honi tatu, akatoka akaizunguka gari mara mbili. Halafu akaanza kupakia.

Mwanangu, ulishawahi kuona mtu anahamisha mlima? Mikungu ya ndizi mitatu, sijui ya nani yote. Gunia la magimbi. Gunia la pili la magimbi. Mafenesi. Kuku. Kinu. Nikamwambia, "Mama, mtoto anapanda treni, atakiweka wapi kinu?" Akasema, "Cha mama yake." Na chupa ya soda yenye maji ya kisima cha kwao, hiyo hakuiweka kwenye buti, ameishika mkononi mpaka sasa hivi. Anasema akupulizie usoni kabla hujaondoka, jina ulilobeba ni lake na haliwezi kusafiri mpaka Dodoma bila mwenyewe kuliaga. Nilitaka kumtania, nikaona uso wake, nikaacha.

Gari ikahisi uzito ikajiinua, bibi akapiga kelele ya furaha. Nami nikajivuna, sikujua ile ndiyo pampu inasukuma kwa nguvu kwenye ule ufa wangu.

Tukavuka daraja la magogo. Kwenye kona nikasikia mlio kama mtu anafyonya. Taa ikawaka. Halafu ubavu wa nyuma kushoto ukaanza kushuka polepole, kwa adabu, kama mzee anayetafuta mkeka. Tairi likagusa bodi, likaanza kunguruma, nikasimama. Kulia nako kukafuata. Nikashuka nikatazama: oili inachuruzika kwenye matope, nyekundu kama juisi ya rozela, inakimbilia korongoni.

Bibi akashusha kioo.

"Hapa ndipo inapopiga magoti?"

"Mama, imeharibika."

"Uliniambia ina kitufe."

"Mama."

"Kibonyeze basi isimame."

Nikabonyeza, ili nimridhishe. Pampu ikalia, oili iliyobaki ikaruka yote nje.

Halafu, kwa sababu mimi ni mimi, nikatoa mche wa sabuni. Wewe unajua sifa yangu mjini, tangi la petroli likitoboka, naliziba kwa sabuni dereva anafika Turiani na kurudi. Watu wananiita Daktari Sabuni, na jina hilo nimelibeba kwa maringo. Nikaisugua sabuni kwenye ufa, nikaikandika mpaka ikawa kama kichuguu, nikafunga na kipande cha tyubu, nikamwaga oili ya akiba niliyokuwa nayo, nikawasha. Tangi la petroli halina nguvu, petroli inatiririka tu. Hii oili inasukumwa. Sabuni ikatoka kwenye ile tyubu kama dawa ya meno, ndefu, nyeupe, ikaanguka kwenye kiatu changu. Bibi yako amecheka mpaka kuku akaamka.

Nyuma yetu ikaja pikapu ya kabichi. Dereva akatoa kichwa.

"Bosi, sogeza mnyama wako."

"Hasogei."

"Gari ya hela yote hiyo imelala kama mlevi?"

"Inapumzika."

"Mwambie mwenyewe akanunue punda." Akarudi kinyumenyume mpaka darajani, akaegesha huko, kabichi zake zinangoja nami. Barabara ni hii moja. Wa juu hawashuki, wa chini hawapandi, na wote kesho alfajiri watakuja hapa kunisalimia.

Nimeweka mawe nyuma na mbele ya matairi, makubwa niliyoweza. Udongo huu mwekundu ukilowa unakuwa kama mlenda, na mvua inanukia. Jiwe moja limeshateleza nikaliweka tena. Nimemwomba bibi ashuke akae pembeni, amekataa, anasema viti hivi ni vizuri kuliko vya kwangu na hajui lini atakalia tena vya hivi.

Nilipokuwa chini ya gari nikipima, tumbo lake likiwa shubiri tu juu ya pua yangu, nilikumbuka mara ya kwanza gari ya namna hii iliponishika. Hadithi hii hukuwahi kuisikia kwangu, mama yako ndiye huisimulia mimi nikiwa sipo. Nilikuwa kijana, wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako, anauza chapati na chai pale nje ya gereji ya kwanza niliyofanyia kazi. Ikaja gari ya kukalia mafuta, ya kwanza kuiona. Fundi mkuu hayupo. Nikajitia najua. Nikaingia chini bila kuweka stendi ya kuegemeza gari, jeki nimeiona usumbufu, nikafungua kinati kidogo nitazame oili inatoka rangi gani. Oili ikatoka, na gari ikaanza kushuka. Sikuelewa mpaka iliponikalia kifuani. Haikuniponda. Ilinibana tu, kama mlango unaofungwa polepole na mtu asiyejua kuwa upo, na ikasimama. Naweza kuvuta pumzi nusu. Mikono imenaswa. Naona viatu vya watu vinapita.

Unadhani nilipiga kelele? Ningeitwa nani mtaani? Nikapiga mluzi. Kwa pumzi nusu ile ile, nikapiga mluzi wa wimbo wa taarabu, ili apitaye aseme kijana yule anafanya kazi kwa furaha, halafu labda mmoja wao, kwa bahati, ainame. Wakapita. Mmoja akasema, "Leo fundi ana raha." Mama yako ndiye aliyegundua kuwa wimbo unaanza na haufiki mwisho. Akaja, nikaona kandambili zake.

"Umebanwa?"

"Napumzika."

"Haya, pumzika." Na akaenda!

Mwanahawa, sijawahi kuona kandambili zikienda mbali namna ile. Nikahesabu hatua zake kwa moyo. Halafu akarudi na jeki na wanaume wanne. Walipoinua gari, nilipovuta pumzi nzima, wewe mgongoni kwake ulikuwa unanitazama na kipande cha chapati mdomoni, umetulia kama hakimu. Mama yako akasema, "Ukibanwa tena useme." Hata baada ya hapo sikusema. Nimekuwa mtu wa kupiga mluzi miaka yote hii. Lakini wewe huko chuoni masomo yakikukalia kifuani, au mtu, au upweke ule wa kuwa mgeni kati ya watu wanaojuana, usipige mluzi. Una sauti nzuri, ya kuita wauza mkaa. Itumie.

Na kuna kingine ambacho gari hizi zimenifundisha, hiki nilikilipia ghali kuliko kifua. Ule uvujaji wa nje, wa oili, siuogopi. Unaonekana, unapangusa, unatukana, unaziba. Unaonitisha ni wa ndani. Lile tufe la gesi, gesi ikitoroka hutaona tone chini. Sakafu kavu, paipu kavu, kila kitu safi. Ila gari inakuwa ngumu. Kila shimo linafika mgongoni. Na kwa kuwa hakuna dimbwi, dereva anasema barabara imeharibika.

Watu huuliza mimi na mama yako tuligombana nini. Hatukugombana. Ndiyo hapo. Hatukupiga kelele hata siku moja, majirani walikuwa wanatupigia mfano. Alikuwa ananiwekea chakula, nilikuwa naleta sukari. Kila siku nilitazama chini, pakavu, nikasema tuko salama. Na kila jambo dogo likawa linafika mgongoni: mlango uliofungwa kwa nguvu, chumvi iliyozidi. Nikalaumu barabara. Nikasema ni maisha, ni mji, ni wajomba zako. Siku alipofunga kanga zake akarudi Bigwa nilishangaa kuliko majirani. Sikwambii hivi umchukie mtu, hakuna wa kuchukiwa hapa. Nakwambia kwa sababu wewe ni mkavu, umefanana nasi wote wawili kwa hilo. Jibu lako kwa kila kitu ni "nipo sawa." Utakapokuwa unasema "nipo sawa" huku kila shimo linakufika mgongoni, ujue barabara haina kosa.

Nimesimama kidogo kuandika, nimekwenda kukata gogo. Mpango ni huu: niinue nyuma kwa jeki, niweke vipande vya gogo la mfenesi kati ya ekseli na chasisi, nivifunge kwa kamba ya katani, gari ikalie mti badala ya mafuta. Itashuka kama mkokoteni wa ng'ombe lakini itashuka. Panga nimepewa na bibi, lilikuwa kwenye gunia la magimbi, usiniulize alikuwa anampelekea nani. Jeki inazama kwenye matope, inabidi kwanza niitafutie jiwe bapa. Nimeinua kidogo, jiwe la tairi likalia, nikashusha. Inataka subira na mwanga, na vyote viwili vinaniishia. Mbio zote nikizipiga, labda alfajiri niwe nimeshuka. Labda.

Chande amerudi. Pikipiki inanguruma hapa pembeni yangu. Nakuandikia yaliyotokea sasa hivi kabla hayajapoa.

"Tupo wawili," nimemwambia.

"Bibi na nani?"

"Na mimi."

"Mshikaki, watu watatu, kwenye utelezi huu? Fundi, mimi nina mke."

"Polepole tu, Chande."

"Korongo halijui polepole. Mmoja."

Nimeitazama gari, nimemtazama bibi. Na nikwambie ukweli, mwanangu: nimevua glavu. Nimemwambia bibi, "Mama, wewe kaa humu, viti umevipenda, blanketi lipo, nitarudi asubuhi na mafundi." Nilishapitisha mguu juu ya pikipiki. Nilishakuona umesimama barazani. Nilishaiona hata ile sura yako unayoifanya ya kuzuia kucheka. Na yote hayo ni yangu kwa haki, nani atasema baba asimuage mwanaye?

Bibi hakubisha. Unavyomjua, angebisha, ndiyo kawaida yake. Alisogea tu kwenye kile kiti, akaiweka ile chupa ya soda mapajani, akaifunika na upindo wa kanga yake isipate baridi. Maji, yasipate baridi. Akasema, "Haya baba, msalimie somo wangu."

Na lile jiwe la tairi likalia tena. Gari ikiteleza usiku, bibi hajui hata mlango unafunguliwa wapi.

Nimeshuka kwenye pikipiki.

"Mama, toka. Unakwenda wewe."

"Mimi? Kwenye hicho?"

"Kwenye hicho."

"Nikae kama mwanamume?"

"Kaa upande, umshike Chande kiunoni."

"Huyu namjua mama yake, siwezi kumshika kiunoni."

"Shika koti basi."

Anafunga kanga ya pili sasa. Kuku amesema anabaki na mimi, magimbi pia, na mafenesi. Chupa anayo kifuani.

Kwa hiyo bibi ndiye atakayekuja. Atafika amelowa na matope mpaka kwenye nyusi, na atakuwa na maneno mengi juu yangu, msikilize yote. Akikupulizia yale maji usijifute haraka kwa kuona aibu mbele ya shangazi zako. Yamebebwa kwa heshima kuliko kitu chochote kilichomo kwenye gari hii.

Usiningoje. Hili nalisema kwa sauti, siyo kwa mluzi. Treni ya asubuhi haina habari na mimi, na wewe usiwe nayo. Usimwombe mjomba achelewe kutoka nyumbani, usisimame mlangoni mwa behewa kutafuta mtu wa ovaroli kwenye umati. Panda, kaa kiti chako, tazama mbele. Labda nitafika stesheni na oili usoni. Labda nitakuwa hapa nafunga kamba ya mwisho. Siahidi, ahadi zangu za wiki hii nimeshazimaliza.

Mzee mwenye gari nitamkabili mimi mwenyewe, nitamwambia neno kwa neno, kisha nitampa paipu mpya, na akitaka springi nitamwekea springi.

Mjomba wako atakuuliza ngamia iko wapi. Mwambie kweli yote, gari si yangu, imelala, na aliyeilaza ni mimi kwa mkono wangu. Atacheka sana, mwache, amegharimia godoro. Akimaliza kucheka mpe na salamu hii: tangu nimzae mpwa wake, leo ndiyo siku pekee niliyo juu yake, na siwezi kushuka.

Baba yako